Zamu ya Maji

Alikuja Jumanne, siku ya zamu yangu.
Bajaji ilimshusha kwenye kona ya Chekereni
na begi dogo, na kofia ya turubai,
na miaka thelathini na saba isiyo na mchukuzi.

Majirani wakanyoosha shingo.
"Mjapani mkubwa kamfuata Mjapani mdogo,"
alisema Mama Ndeonasia, asiache kupepeta.

Mimi nilikuwa ndani ya jaruba, tope magotini.
Yeye juu ya tuta akavua kofia,
akainama kama aliyedondosha sarafu,
akasema, kwa Kiswahili alichokifunga sandukuni
tangu enzi za foleni za sukari:
"Shikamoo."

Baba, kwa mwanawe.
Mtoto wa Mama Ndeonasia alicheka hadi ndoo ikamponyoka.
Mimi nikatazama maji.

Herufi za kwanza nilizozijua si a, si be.
Ni H na N, alizozichora kwa msumari
saruji ya lango la mfereji ilipokuwa mbichi.
Wenzangu wakiulizwa baba, walionyesha mtu.
Mimi nilipeleka kidole kwenye zege,
asubuhi baridi, mchana likiunguza.

Hawala zilifika hadi nilipoingia darasa la tano.
Baada ya hapo ufunguo wa sanduku la posta
ulibaki na kazi ya kupata kutu,
lakini kila mwisho wa mwezi mama alivaa viatu vyake vizuri,
akaenda Moshi mjini, akarudi na mkate,
isije ikasemwa amerudi mikono mitupu.
Hakumtukana hata siku moja.
Mimi nilimtukana kwa niaba yake, kimoyomoyo,
nikipalilia.

"Mama Elinami?" akauliza.
Nikaelekeza kidevu juu, kwenye wingu, upande wa Uru.
"Nyumbani?"
"Nyumbani," nikasema.
Akafurahi. Akafungua begi,
akatoa kifurushi cha karatasi ya maua:
"Chake."
Akakiweka juu ya nyasi, pakavu, kwa uangalifu,
kama mtu anayelaza mtoto.

Kisha akaliendea lango.
Gurudumu lake lilivunjika mwaka wa mafuriko,
nikaunga kwa chuma cha trekta bovu.
Akapitisha dole gumba kwenye kiungo kile, taratibu,
akarudi, akapitisha tena.
"Nani?"
"Mimi."
Akaguna.
Sijui mguno ule ulikuwa wa lugha gani.
Nimeugeuza tangu jana kama sahani iliyooshwa,
natafuta palipobaki uchafu.

Hakuomba ruhusa. Akakunja suruali,
akashuka jarubani na mapaja yake meupe ya kizee,
akayumba, nikanyoosha mkono, nikaurudisha.
Akasimama mwenyewe.
Tukazibua pamoja, bila neno, majani na mifuko ya nailoni,
na kandambili ya mtoto fulani wa huko juu.
Aliifua kandambili ile akaianika kwenye tuta.

Nilipotoka, ruba alikuwa kifundoni pangu, ameshiba.
Mzee akamwona kabla yangu.
Akapiga magoti matopeni,
akaushika mguu wangu kwa mikono miwili.
Dole gumba lake limepinda kushoto.
Langu pia. Mama alisema nililibana mlangoni.

Akamng'oa ruba. Akaendelea kuushika.
Damu ilikuwa haikati, au alitaka tudhani hivyo.

"Marahaba," nikasema.
Mama Ndeonasia aliacha kupepeta.

Saa kumi na mbili mwenye zamu inayofuata akaja na jembe,
akasalimia, akatufungia maji.
Kifurushi bado kilikuwa pale kwenye nyasi.
Nikakiokota, nikampa akishike mwenyewe.

"Kesho tunapanda Uru," nikamwambia.
"Vaa viatu vizuri."